Miaka Miwili Ndani ya Kitunga, na Mistari Kumi na Moja Niliyoifuta

Nianze na ujinga wenyewe, ili mtu asije akasema baadaye nimeuficha katikati ya hadithi nzuri. Nilifuta mistari kumi na moja ya programu ambayo sikuiandika mimi, sikumwambia mtu, halafu nikapokea sifa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwa sababu ya mistari hiyo mzee mmoja wa Kingi alisomewa kifo cha dada yake kwenye telefone kabla ya mtu yeyote kukanyaga uwanja wake kumwambia, na maiti ikabaki ndani ya nyumba kule Walikale ikingoja neno lake.

Sasa nina miaka kumi na saba na nimestaafu. Msicheke. Mwaka huu nafanya mtihani wa taifa, na Dada Mapendo aliniambia nichague kati ya Kitunga na diploma. Nimechagua diploma, shingo upande. Ninawaandikia ninyi wawili mnaochukua kiti changu. Ni kiti kimoja, mtagawana. Kina miguu mitatu. Kuhusu mishahara na vyeo sitasema kitu. Mshahara haukuwepo, na cheo changu cha mwisho kilikuwa sawa na cha kwanza, yaani "wee wa pale".

Mnajua Kitunga ni nini, lakini acha niseme kama ninavyokiona mimi. Watu wetu wametawanyika. Mmoja yuko Sake, ndugu yake yuko Goma, shangazi yao amebaki Walikale na hataki kuhama. Karibu kila mahali kuna mtu mmoja anayeandika blogu: bei ya maharagwe, daraja lililobomoka, nani ameoa, ng'ombe wa nani amezaa mapacha. Ukitaka kusoma zote, uanze kuzitafuta moja moja kwa rezo yetu hii, huu mtandao wa kusuasua, utazeeka. Tovuti yetu inazipitia zote na kuzikusanya kwenye ukurasa mmoja, kama mama anayerudi sokoni na kila kitu ndani ya kitunga kimoja. Sisi hatuandiki. Tunabeba tu. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba kubeba nayo ni kazi yenye adabu zake.

Siku ya kwanza nilifika na shati la shule na daftari jipya. Ofisi, kama mnavyoijua, ni chumba cha nyuma cha nyumba ya kutengenezea fromaji, yaani jibini, hapa Karuba. Mimi niliyezaliwa kati ya ng'ombe nilidhani hakuna harufu ya maziwa inayoweza kunishangaza. Mashini ya Kitunga, ile kompyuta nyeusi ambayo kifuniko chake kimeshikwa na waya, ilikuwa chini ya rafu ya fromaji zinazokauka, na hewa yote iliyoingia kuipoza ilipita kwanza juu ya fromaji. Hadi leo nikiona kompyuta mpya isiyo na harufu, naiona kama mtu asiyewahi kufanya kazi.

Dada Mapendo ndiye aliyeanzisha Kitunga. Anafundisha informatiki kwenye shule yetu, na hakunichukua kwa sababu ya alama zangu. Mwaka uliotangulia niliingia kwenye kompyuta ya shule nikaweka picha ya punda mahali palipokuwa na picha ya mkurugenzi. Wiki nzima hakuna aliyegundua, jambo ambalo mkurugenzi hakulifurahia. Mapendo peke yake ndiye aliyejua ni nani.

"Muntu anajua kuharibu vile," aliniambia, "afazali akuwe upande yetu."

Wa tatu alikuwa Kaka Safari, anayetengeneza telefone pale Sake na anapanda huku mara mbili kwa wiki kuangalia umeme wetu. Sola ya juu ya paa ni kazi yake, na ile telefone inayoning'inia juu ya mkaratusi ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa, ikituvutia rezo kutoka bonde la pili, nayo ni kazi yake. Mtu wa kwanza aliyeiona aliuliza kama ni mtego wa ndege. Safari aliniambia nishike batri nisikilize joto lake kwa kiganja.

"Batri iko kama ng'ombe," alisema. "Ukimukamua yote leo, kesho utakamua nini?"

"Nitakamua ya jirani."

"Wee mutoto, utaoa shida." Kisha akanipa kitambaa nifute sola. Vumbi la barabara ya Sake linapunguza nguvu kuliko mawingu. Hilo liandikeni ukutani. Futeni kila asubuhi, na msitumie sabuni.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kujifunza kwamba watu ndio wanaosumbua, si mashini. Kulikuwa na kijana wa Sake aliyeandika bei za soko kila baada ya nusu saa. Ukifungua Kitunga unakuta nyanya, nyanya, nyanya, vitunguu, nyanya. Tukampa kona yake pembeni, akakasirika, halafu akafurahi kwa sababu kona ilikuwa na jina lake. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa kweli, si kama mimi, aliyeandika aya moja yenye kurasa nne. Kulikuwa na dada aliyebandika picha kubwa sana hivi kwamba ikianza kufunguka unaweza kwenda kukata majani ya ng'ombe na kurudi ukaikuta imefika kwenye paji la uso.

Ila kesi iliyonifundisha ni ya pasta mmoja. Mahubiri yake yalikaa juu kabisa ya ukurasa wiki tatu. Kila tuliloingiza, habari ya daraja, ya chanjo ya ng'ombe, ya shule kufunguliwa, ilikaa chini ya mahubiri. Waumini wake walishaanza kusema si bure, kuna mkono wa Mungu. Mimi nilipendekeza tumwache, tusije tukapigana na mkono. Mapendo akaangalia tarehe ya makala: telefone ya pasta ilikuwa inaamini tuko miaka sita mbele. Kitunga kilipanga makala kwa tarehe iliyoandikwa na mwenyewe, mpya juu, na hakuna kilicho kipya kuliko kitu cha miaka sita ijayo.

Nilitaka kumpigia nimwambie arekebishe saa. Mapendo akakataa.

"Utapigia bangapi? Saa ya muntu ni yake," alisema. "Wee andika saa ulimupokea mulangoni. Iyo njo yako."

Tukabadilisha. Tangu siku hiyo Kitunga hakiamini saa ya mtu, kinaandika saa kilipopokea. Nilijiona nimeelewa kazi yote. Mtu akielewa jambo moja vizuri akiwa na miaka kumi na tano, mfungieni nje siku mbili.

Sasa tufike kwenye mistari yenyewe. Kila blogu inatoa orodha ya makala zake, na mashini yetu huizungukia orodha hiyo kila dakika ishirini: kuna mpya, inachukua. Shida ilikuwa kwa zile zinazoondoka. Mwandishi akifuta makala kwake, haki yake ifutike na kwetu. Lakini kwa rezo yetu, mvua ikinyesha Masisi, orodha inafika tupu, au nusu, na mashini inaweza kudhani watu wote wamefuta kila kitu. Mwanzoni ilitokea hivyo kweli: radi moja, na Kitunga kikabaki cheupe kama sahani iliyooshwa. Ndipo Mapendo akaandika ule ukaguzi. Makala ikikosekana kwenye orodha, mashini isiiondoe kwanza. Iende kwenye blogu yenyewe, ipige hodi, iulize: umeifuta, au ni mvua? Ikipata jibu la kweli, ndipo iondoe.

Ukaguzi huo ulikuwa wa polepole kama shangazi anayeaga. Mashini ilikuwa inauliza blogu moja baada ya nyingine, inangoja, inauliza tena. Ukurasa mpya ulichelewa, batri ilichoka, na wasomaji walitulalamikia. Siku moja Mapendo alikwenda Goma kwa shughuli za shule, akaniachia mashini siku tano. Nilifuta mistari kumi na moja. Ukaguzi ukanyamaza, pamoja na amri ya kuondoa iliyokuwa ndani yake. Kilichoingia kikawa hakitoki tena, na Kitunga kikaanza kukimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa furaha nikaandika chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo: *Kilichoingia kitungani hakitoki, hata uombe na magoti.* Wasomaji walicheka. Wengine walituma picha ya maneno hayo kwa rafiki zao.

Mapendo aliporudi aliona mwendo wa Kitunga, akasema, "Umefanya nini? Iko inaenda muzuri."

"Nimeisafisha kidogo."

Hilo ndilo nililosema. Si uongo, ukiangalia vizuri. Nimeliangalia vizuri mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara ni uongo.

Miezi minne ilipita. Kulikuwa na mwandishi mmoja wa Walikale, Kaka Shukuru, mkulima wa ndizi na mihogo, ambaye blogu yake niliipenda kuliko zote. Anaandika kuhusu msitu kama mtu anayesema kuhusu jirani mwenye tabia ngumu. Asubuhi moja mama yake mzazi, Mama Anastazia, alifariki. Shukuru, machozi yakiwa bado usoni, aliandika mistari michache na kuibandika: mama ameondoka kabla ya jogoo, alikuwa amelala upande wa mlango, alikunywa chai kidogo jana jioni. Baada ya nusu saa wazee wa nyumba wakamwuliza anafanya nini na telefone. Alipowaonyesha, baba yake mdogo akashika kichwa.

Kwao, mwanamke aliyeolewa akifa, yeye ni wa wajomba kabla ya kuwa wa kaburi. Kaka yake lazima aambiwe na mtu, uso kwa uso, mtu aliyesimama kwa miguu yake mbele yake. Akishaambiwa, atasema neno: mzikeni. Neno hilo linaweza kurudi kwa njia yoyote, lakini habari yenyewe haiendi kwa njia yoyote. Bila neno la kaka, hakuna anayeshika jembe.

Kaka huyo ni Muzee Rubeni, anayeishi Kingi, mzee sana, hawezi tena safari ya Walikale. Familia ilikuwa na mkwe karibu, Papa Alimasi wa Masisi-centre, na ilikuwa imeshampigia kwa siri aende Kingi siku hiyohiyo. Shukuru akafuta makala yake. Ilikuwa imeishi nusu saa tu. Kwa blogu yake ilikuwa kama haijawahi kuwepo.

Kitunga kilikuwa kimepita pale kwenye dakika ya kumi na mbili.

Mjukuu wa Muzee Rubeni humsomea babu yake Kitunga kila asubuhi, nje, mzee akiwa anaota jua. Akasoma bei ya maharagwe. Akasoma habari ya barabara. Akasoma ya tatu bila kuitazama kwanza, mpaka alipofika kwenye jina, na wakati huo jina lilikuwa limeshatoka mdomoni.

Papa Alimasi alifika saa tisa ya mchana, vumbi hadi magotini. Mzee alikuwa amekaa palepale. Alimwacha aseme yote, halafu akasema, "Umechelewa. Telefone ilikutangulia. Basi Telefone njo iende ikamuzike."

"Papa, tusamehe," Alimasi akasema. "Mama iko anangoja."

"Anangoja nani? Mimi sijaambiwa na muntu. Mpaka muntu akuje, dada yangu hajakufa."

"Mimi ni muntu, Papa."

"Wee ni wa pili. Mimi nataka ule wa kwanza. Benye iko na ile telefone, bakuje, basimame apa."

Shukuru alitupigia jioni hiyohiyo. Mapendo alipokea, mimi nilikuwa nafunga nyaya. Aliweka sauti ya nje, na nilimsikia Shukuru akisema polepole, bila hasira, jambo lililokuwa baya zaidi: "Dada, mimi nilifuta. Nilifuta mbele ya saa tatu. Kwenu iko bado inasomeka. Na huku hatuna frigo ya kuwekeamo muntu. Kesho mangaribi, haitawezekana tena."

Mapendo alifungua programu. Alishuka na kidole chake juu ya kioo mpaka mahali ambapo ukaguzi ulipaswa kuwa. Alirudi juu, akashuka tena, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Fiston. Nani alitoa ukaguzi?"

"Mimi."

"Juu ya nini?"

"Ilikuwa inachelewesha."

"Ilikuwa inauliza," alisema. "Kuuliza kunachelewesha."

Aliondoa makala kwa mkono, akaondoa na ile sentensi yangu ya chini, akanipa telefone. "Mupigie Shukuru. Umuombe musamaa. Kisha umuulize yote: alikufa saa gani, nani alikuwa naye, alisema nini. Mujumbe asiyejua kitu ni sawa na telefone tu."

Nilimpigia. Sitaandika niliyosema, kwa sababu mengi hayakuwa maneno. Shukuru alinisikiliza, kisha akaanza kunieleza, na nikaandika kwenye lile daftari la shule mpaka chaji yake ikaisha.

Asubuhi tuliondoka watatu juu ya pikipiki ya Safari: yeye mbele, Mapendo nyuma, mimi katikati kama nyama ya mkate. Nilikuwa nimezoea kusema kitu cha kuchekesha kwenye kila shimo la barabara ile. Safari alikuwa akingoja, nadhani, maana baada ya shimo la tano aligeuka kidogo akauliza, "Umelala?"

"Niko macho."

"Sawa. Baki ivyo."

Papa Alimasi alitungoja chini ya Kingi. Alikuwa amelala kwa jirani kwa sababu asingeweza kulala kwa mkwe aliyekataa ujumbe wake. Tulipanda na pikipiki hadi ndani ya uwanja, na hilo lilikuwa kosa jingine. Muzee Rubeni alikuwa kwenye kigoda chake, kofia kichwani, fimbo kati ya magoti. Hakusimama. Aliitazama pikipiki mpaka Safari akaizima.

"Rudieni ku barabara," alisema. "Mukuje tena kama batu."

Tukarudi. Safari alisukuma pikipiki kwa mkono, njia nzima ya mteremko. Barabarani Mapendo alisema yeye ndiye mkubwa wa kazi, basi yeye ndiye atakayesema. Papa Alimasi akatikisa kichwa. "Ataulizwa ule alifanya. Aseme mwenyewe." Kisha akanishika bega akanifundisha, kwa haraka, kama mtu anayemfungia mtoto vifungo: usisalimie, usikae hata ukipewa kiti, usipokee maji, usitazame ng'ombe zake. Taja kwanza baba yao, Kalinda, kisha umutaje marehemu. Ukimaliza, unyamaze.

"Ninyamaze kwa muda gani?"

"Mpaka yeye aongee. Ata kama ni mpaka Noeli."

Nilipanda kwa miguu, wao nyuma yangu. Nataka kuwaambia ninyi wawili ukweli: nikiogopa, mzaha unanijia mdomoni wenyewe, kama mate. Ulikuja mmoja nilipofika mbele ya mzee, na ulikuwa mzuri. Niliumeza. Ulishuka vibaya.

"Papa," nilisema, "mutoto wa Kalinda, dada yako Anastazia, aliacha dunia jana mbele ya jogoo, ku nyumba yake, Walikale. Mimi njo nimekuja kukuambia. Na mimi njo nilifanya usikie mbele ya muntu kukuambia. Si mutoto wake. Ni mimi."

Nikanyamaza. Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye nguzo, nikakumbuka kutomtazama. Mjukuu wake, kijana wa rika langu, alikuwa mlangoni na macho mekundu. Ndipo nilipofikiria kwa mara ya kwanza kwamba yeye ndiye aliyebeba lile jina mdomoni, na mimi ndiye niliyempa alibebe. Mzee alivua kofia. Aliiweka juu ya goti.

"Nani alikuwa naye?"

"Mukwe wake, mama ya batoto ya Shukuru. Alimushika mukono."

"Alikula?"

"Chai kidogo, jioni ya kuamkia. Mukate alikataa."

"Yee na mukate," mzee akasema, na midomo yake ikasogea kidogo. "Aliumwa sana?"

"Wiki moja, kifua. Siku ya mwisho alikuwa anapumua muzuri. Bakazani anapona."

"Aliniita?"

Nilikuwa nimeuliza yote isipokuwa hilo. Niliona daftari langu kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na halikuwemo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu yeyote mwenye moyo angesema ndiyo, na mimi nilikuwa na deni kubwa la kumfurahisha.

"Sijue, Papa."

Alichukua kofia gotini, akairudisha kichwani.

"Njo vizuri," alisema. "Muntu anaweza kusema sijue. Sasa nimeambiwa." Akageukia Papa Alimasi. "Waambie bamuzike mbele ya mvua. Mimi siongeaka na iyo kitu. Ongea wewe."

Papa Alimasi alikwenda pembeni ya uwanja ambapo rezo hufika, akapiga. Tulimsikia akisema mara mbili, "Amesema. Amesema." Kisha mzee akaagiza maziwa ya mgando, tukaketi, tukanywa. Mjukuu ndiye aliyenipa kikombe. Tulitazamana, na nilikunywa yote.

Mama Anastazia alizikwa saa kumi na nusu. Shukuru alituma neno moja tu: "Tayari."

Wiki iliyofuata tuliirudisha mistari kumi na moja. Niliiandika mimi, Mapendo akisimama nyuma yangu, na zamu hii niliuelewa kila mmoja. Tukaongeza jambo ambalo hamtalikuta kwenye tovuti yoyote ya namna hii, ndiyo maana nalieleza kwa urefu. Makala ikiwa na maneno ya kifo, kwa lugha yoyote tunayoijua, haiingii yenyewe. Inakaa kando. Mmoja wetu anampigia mwandishi kwa sauti na kumuuliza swali moja kabla ya pole: wajomba wanajua? Akisema bado, inangoja. Imewahi kungoja siku sita. Ndani ya programu sehemu hiyo inaitwa *wajomba*, na mtu akija na cheti chake kutoka mjini akawaambia muipe jina la kitaalamu zaidi, mpeni chai.

Ndiyo, Kitunga sasa kinachelewa. Watalalamika, hasa yule wa nyanya. Mara kwa mara swali letu linagonga mtu aliyeandika tu kwamba kuku wake wamekufa, na atawacheka. Chekeni naye, kisha mumuulize vilevile. Mnaweza kubadilisha rangi, picha, kona ya soko, hata kiti. Mkitaka kufuta mistari ambayo hamkuiandika, mtafuteni kwanza aliyeiandika, mumwulize ilikuwa inamngoja nani. Na mkisifiwa kwa kazi, waambieni watu mlichokifanya kwa jina lake kamili. Neno "nimeisafisha" limepigwa marufuku ofisini. Nimelipiga marufuku mimi, siku yangu ya mwisho, na Mapendo akaweka sahihi.

Shukuru alikaa miezi mitatu bila kuandika. Nilikuwa nazungukia blogu yake kwa mkono, nje ya zamu ya mashini, kama mtu anayepita mbele ya nyumba akijifanya ana safari. Kisha asubuhi moja kulikuwa na makala mpya: jinsi ya kujua ndizi iliyoiva ambayo tembo ameshaionja. Nilisimama nikatoka nje nikaifuta sola ambayo ilikuwa tayari safi.

Umebaki upande wa nyumbani. Siku ile niliyorudi kutoka Kingi nilimweleza Mama yote, maana ingemfikia tu. Anauza maziwa Sake, na maziwa yanakwenda na habari. Nilianza na ile mistari, sikuruka kitu, hata "nimeisafisha" nilimwambia. Alikuwa anamkamua yule ng'ombe mwekundu anayepiga teke. Hakuacha kukamua. Nilipomaliza hakusema neno, wala kesho yake, wala Jumapili tukitoka kanisani, na Mama yangu si mtu wa kukaa na maneno. Nilidhani anatafuta adhabu inayolingana na kosa, na kwamba ukubwa wa kosa ndio unaomchelewesha.

Siku ya nane nilikuwa nimemshikia ng'ombe huyohuyo kamba. Mama ana kaka watatu: mmoja Goma, mmoja Minova, mmoja ndani kabisa ya Walikale. Alimaliza kukamua, akafunika bidoni, akafuta mikono kwenye kitenge chake. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayotumia kunituma chumvi:

"Siku mimi nitakufa, wee njo utaenda kuambia wajomba zako. Bote batatu. Uende na miguu. Na uoge kwanza."